Nyumba ya Kufuli

Februari 27

Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mbele kuna viuno na mabega ya watu, huku nyuma nitaweka yangu.

Leo nimekubali kazi ya ramani. Ofisi inataka watu watatu wapite nyumba hadi nyumba na simu mkononi, kila nyumba itiwe alama kabla ya mvua kubwa, ili mto ukifurika waokoaji wajue pa kwenda. Wanaume waliulizwa kwanza. Walipotajiwa udogo wa posho, kila mmoja akakumbuka kwamba ana shamba la kupalilia.

Mume wangu ni fundi baiskeli, na maneno huyatoa kwa kubana kama mtu anayeuza spoku moja moja. Aliuliza, "Na cherehani?" Nikamwambia cherehani haina miguu, haitakimbia. Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa.

Sababu yangu sikuwaambia kwa kuwa wanaijua. Mwaka jana mto ulipopanda, mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa kwenye kibanda cha shamba, nyuma ya miti. Mtumbwi wa waokoaji ulipita mbele ya miti ile, ukaenda na ukarudi. Walikuwa watu wema, wamechoka, wamefanya walichoweza. Hawakujua tu kwamba kuna mtu. Sitaki mtu mwingine apitwe, basi.

Machi 3

Mafunzo, shule ya kilimani. Msimamizi kutoka ofisini ni kijana mwenye buti safi mno, lakini ana subira, na hilo namsifia.

Alama ni mbili. Nukta nyeusi maana yake nyumba ina watu. Kiduara kitupu maana yake haina mtu. Ukikuta mlango una kufuli, piga hodi, kisha urudi siku nyingine. Ukirudi mara ya tatu na bado hakuna anayeitika, tia kiduara kitupu. "Mtumbwi tunao mmoja," alisema msimamizi. "Tukiupeleka kwenye magofu, wenye uhai watatungoja." Niliona ni maneno ya mtu mwenye akili, na bado naona hivyo.

Wenzangu wawili: Mwalimu, anayefundisha watoto wadogo hapo hapo shuleni, mwanamke mwembamba anayesahihisha hata salamu za watu. Na Mama Pacha, muuza nyanya, ambaye amekuja, kwa maneno yake mwenyewe, "kwa ajili ya simu, haya mengine ni nyongeza."

Machi 4

Nyumba za juu, karibu na shule. Miguu inawaka moto.

Machi 6

Mbwa. Nitasema hivyo tu.

Machi 9

Leo kinyozi alitufungia njia kwa kiti chake. "Mnapima nini? Nani kawatuma? Kesho tutasikia mashamba yetu yana wenyewe wengine." Akakusanya wanaume watano, na mmoja wao akasema mwanamke anayezunguka na simu mchana kutwa anatafuta kitu, na kitu hicho si ramani.

Mwalimu alianza kuwasomea barua ya ofisi, mstari kwa mstari, kwa sauti ya darasani. Hakuna aliyesikiliza. Mama Pacha akamsogelea kinyozi, akamwonyesha kioo cha simu. "Hii nukta ni wewe. Nikiifuta, mto ukija, utaokolewa na wembe wako. Niifute?" Wakacheka wote isipokuwa kinyozi. Lakini aliondoa kiti.

Njiani Mwalimu alimwambia Mama Pacha kwamba hatuna ruhusa ya kutishia watu kuwafuta. Jamani, mtu huyu.

Machi 12

Upande wa chini, nyuma ya mwamba mkubwa, kuna nyumba moja peke yake. Ukuta wa udongo, bati, kufuli zito. Tulikuwa tumeshaikuta imefungwa wiki iliyopita. Leo pia. Hodi, hodi, kimya.

Machi 16

Tumerudi kwenye nyumba ya mwamba kwa mara ya tatu. Kufuli lile lile. Mwalimu akapiga hodi kwa nguvu, akangoja, akatoa simu.

Nikamwambia, "Angalia njia." Njia ya kufika mlangoni ilikuwa imekanyagwa mpaka udongo unang'aa. Gofu halikanyagwi.

"Labda mbuzi," alisema Mwalimu.

"Mbuzi hawafungi kufuli."

"Dada fundi, kanuni inasema mara tatu. Tukianza kubashiri kila nyumba, hii itakuwa ramani ya mawazo yetu. Asiyekuwapo na lake halipo." Jua lilikuwa kali, na tulikuwa tumebakiwa na nyumba nyingi bondeni. Nikageukia bonde, naye akatia kiduara kitupu.

Machi 17

Mama Pacha hakuja. Mumewe amemwambia achague, ndoa au barabara. Kinyozi ana mdomo mrefu kuliko mkono.

Machi 19

Bado tuko wawili. Kutembea na Mwalimu ni kama kutembea na rula. Leo lakini alipoona kiatu changu kimeachia alivua chake, akakigeuza, akanionyesha alivyoshona cha kwake kwa uzi wa kuvulia samaki. "Wewe ni fundi," alisema. "Unaona aibu kushona kiatu?"

Jioni nilikuta buti zangu mlangoni zimebandikwa viraka vya mpira wa baiskeli, vimekatwa vizuri, pembe zimeviringishwa. Mume wangu alikuwa amelala tayari, au amejifanya.

Machi 21

Mvua ya kwanza. Imenyesha kidogo, ikaacha harufu.

Machi 22

Mama Pacha amerudi. Tulipomuuliza kulikoni, alisema, "Nimemwambia mume wangu, nyanya nauza kwa kukaa, miaka kumi na mitano hakuna aliyewahi kunituma mahali nikaonekana nina akili. Hii kazi siachi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, ila utajua mwenyewe pacha wanavaa nini." Halafu akalia kidogo, halafu akatuuliza kama tuna kitu cha kula.

Machi 24

Ramani imefika imechapwa, pana kama shuka, na imebandikwa ukutani darasani kwa Mwalimu. Watu walikuja kujitafuta. Kinyozi alikuja mapema kuliko wote, akaweka kidole kwenye nukta yake na kukaa hapo kama aliyepewa cheo.

Mimi nilitafuta miti ile ya shambani. Hakuna alama, na ni sawa, kibanda kilienda na maji. Nilisimama pale muda, nikimwaza mdogo wangu na kile kicheko chake cha kuziba mdomo. Mwalimu akaja kusimama pembeni yangu. Hakusema kitu, na kwa Mwalimu kutosema ni zawadi.

Machi 29

Mvua mchana kutwa. Niko cherehanini.

Alikuja mwanamke simjui vizuri. Huponda kokoto ng'ambo ya mto, huvuka asubuhi kwa mawe ya kivuko na kurudi jua likizama. Vidole vimefungwa vitambaa, nyusi zina vumbi jeupe. Ametoa kitambaa laini, kipya, cha bei kuliko nguo aliyovaa. Anataka gauni. Nikachukua utepe nimpime, akarudi nyuma.

"Si langu. Ni la mtu mpana hapa, mwembamba hapa. Mgongoni liwe wazi, dada fundi. Lifungwe kwa kamba, ubavuni."

Nimeshona miaka mingi. Gauni la wazi mgongoni, kamba ubavuni, ni la mtu anayevikwa akiwa amelala. Nikauliza, "Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Mbali," alisema. Na hapo hapo akauliza kama linaweza kuwa tayari wiki hii, maana usiku kuna baridi.

Nikamuuliza anakaa wapi. Akasema upande wa chini. Nikamwangalia shingoni, ana kamba, na kwenye kamba ufunguo. Nikaikumbuka nyumba ya mwamba.

Machi 30

Nilimfuata jioni nikiwa na kisingizio cha kupima kola. Alinikuta mlangoni kwake, nyuma ya mwamba. Hakukasirika. Alichoka ghafla, kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango kwa bega muda mrefu.

Alifungua. Ndani ni safi kuliko kwangu. Kitandani yuko mama yake, upande mmoja wa mwili umelala, mdomo umepinda upande, macho mazima kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Mara-haba." Alilivuta neno mpaka likafika.

Tulitoka nje, na mponda kokoto akaongea bila kunitazama. "Nisipoponda hatuli. Kule tulikokaa zamani nilikuwa naacha mlango wazi. Siku moja akaingia mtu, akambebea blanketi alilojifunika. Mama anamwona, hawezi kupiga kelele. Ndiyo nikaanza kufunga. Majirani wakasema nimemfunga mama yangu kama mbuzi, watanipeleka kwa wakubwa, watamchukua. Nikahama usiku. Mama nimemwambia akisikia hodi asiitike."

Nikamweleza habari ya ramani, ya kiduara, ya mto. Alishtuka, lakini kilichomshtua si kile nilichotaka kimshtue.

"Usimwandike! Wakijua yupo watakuja kuuliza kwa nini nafunga. Dada fundi, tafadhali. Maji yakianza mimi nitakuwa nimesharudi. Kelele za mto nazisikia kabla ya mtu yeyote, niko juu yake kutwa nzima. Niapie hutamwambia mtu."

Nikaapa. Mtu aliyesimama mbele yako na vidole vile, utamwambia nini?

Aprili 1

Sikulala. Nageuka huku, namwona mdogo wangu. Nageuka huku, namwona yule mama akitazama mlango.

Aprili 2

Nilimwomba Mwalimu abadilishe nyumba ya mwamba iwe nukta. Akauliza kwa nini. Nikasema nimeona moshi. "Wewe umeona moshi, au unataka kuona moshi?" Nikasema niamini tu. Akakunja mikono. "Nikibadilisha bila sababu, kesho kinyozi ataniambia nimwongezee nukta tatu. Nipe sababu, hata mbaya."

Sina sababu ninayoweza kuitoa mdomoni. Tukaachana vibaya. Msimamizi nilimpigia, akasema mabadiliko yanapokewa baada ya msimu. Baada ya msimu! Kama mwavuli wa kiangazi.

Aprili 3

Nilienda shuleni watoto walipokwenda nyumbani. Mwalimu alikuwa anafua vitambaa vya ubao nje. Nikaingia darasani na kalamu ninayochorea vitambaa, nikaenda mpaka kwenye ramani, nikakijaza kile kiduara. Wino ulichuruzika kidogo pembeni.

Sijamwambia mtu. Kiapo changu kipo palepale, na nyumba ipo kwenye ramani. Nimejiona mjanja, naandika ukweli.

Aprili 5

Mvua. Mto umebadilika rangi.

Aprili 6

Mvua. Mama mkwe anasema magoti yake yana ramani yao wenyewe.

Aprili 8

Mponda kokoto amekuja kuchukua gauni. Aligusa mshono wa mgongoni kwa ncha ya kidole ili asichafue. "Atajiona bibi harusi," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka, ana mwanya.

Nilitaka kumwambia, "Nyumba yako nimeijaza. Wanajua kuna mtu." Nikaona aibu, maana alinisihi nisimwandike nami nimemwandika. Nikaona sura itakayobadilika, na kicheko kile kikazimika. Nikajiambia nitamwambia siku nyingine, akileta kitambaa kingine.

Alisahau chenji. Nimemfungia kwenye karatasi.

Aprili 9

Mvua usiku na mchana. Mawe ya kivuko yanaonekana vichwa tu. Wapondaji bado wanavuka.

Aprili 10

Mvua.

Aprili 13

Naandika ya juzi. Jana mkono haukukubali.

Maji yalikuja kabla ya adhuhuri. Huku kwetu hata haikuwa mvua kubwa, ilikuwa imenyesha milimani. Kengele ya shule ilipigwa bila kukoma. Mume wangu alimpakia mama yake kwenye baiskeli, mimi nikashika watoto wetu, tukapanda kilima. Nyuma yetu bonde lilikuwa linajaa taratibu, bila haraka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Darasani Mwalimu alisimama mbele ya ramani na fimbo yake ya ubao. Mule ndani kulikuwa na vilio, kuku, masufuria, na yeye anaita nyumba moja moja kwa sauti ya kusomesha, waokoaji wanatoka, wanarudi, anatia alama ya chaki ukutani. Sikuwahi kumwona mtu mtulivu vile. Nilikuwa nimemwita rula. Siku ile bila rula tungekufa.

Akafika upande wa chini. Fimbo ikasimama kwenye nyumba ya mwamba. Akainama, akautazama wino uliochuruzika, kisha akageuka na kunitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale.

"Nani yuko pale?"

"Mama mzee. Kitandani, hawezi kutembea. Mlango una kufuli." Nilivunja kiapo bila hata kuvuta pumzi.

Hakuuliza tangu lini, hakuuliza kwa nini sikusema. Aligeukia waokoaji. "Nyumba ya mwamba. Mgonjwa kitandani. Mchukue kitu cha kukatia kufuli."

"Ninacho," alisema mume wangu, na alikuwa tayari ameshafika mlangoni.

Walikawia. Nilisimama barazani mvua ikinipiga, Mama Pacha akanishika mkono akiniambia upuuzi wa kila aina ili nisifikiri. Halafu tukawaona wanapanda, wanaume wanne, wameubeba mlango. Waliung'oa wakaufanya machela, kufuli lililokatwa bado linaning'inia. Juu yake amelala yule mama, ndani ya gauni langu, limelowa mpaka kifuani. Mume wangu alisema walimkuta maji yamefika kwenye godoro.

Tulimkausha, tukamfunika, mama mkwe akamnywesha chai kwa kijiko kama mtoto. Aliponiona, alitafuta maneno, akayapata.

"Mlipiga hodi. Mara tatu. Niliwasikia."

Nililia na kucheka pamoja. Mwalimu alinipiga bega mara moja, kwa ukali, kama anapiga muhuri. Nilijiambia, mdogo wangu, safari hii hawakupita. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile, na naiandika ili nikumbuke kwamba nilikuwa nayo, jioni ile, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kisha simu ya Mama Pacha ikalia. Alikuwa msimamizi wa kokoto, kutoka ng'ambo. Aliuliza, "Amefika?"

Mama Pacha akauliza nani. Msimamizi akamtaja mponda kokoto. Akasema maji yalipoanza, wapondaji wote walipanda juu, wakamzuia naye saa nyingi, lakini jioni ilipokaribia yeye akateremka. Walimshika nguo, walimshika mkono. Aliwaambia, "Mama yangu yuko ndani na hakuna anayejua." Akajichomoa, akaingia kwenye kivuko.

Tumeshapiga hesabu, mimi na Mwalimu, na ingekuwa heri tusingeipiga. Saa ile anaingia majini, mama yake alikuwa ameshafunikwa shuka kavu.

Aprili 14

Wamempata, chini sana, penye matete. Ufunguo bado uko shingoni. Mume wangu ndiye aliyeifungua ile kamba. Aliniletea ufunguo kwenye kiganja chake, akaufunga mkono wangu juu yake, akanishika hivyo muda mrefu. Alikuwa analia. Miaka yote hii nilidhani hana maneno kwa kuwa hana la kusema.

Aprili 15

Tumemzika. Matope mpaka magotini.

Mama yake alikuwa hajaambiwa. Kila mtu alisubiri mwingine. Mama mkwe akasema, "Maiti haifichwi uvunguni. Twende, mwanangu. Mimi nitakaa, wewe utasema, maana wewe ndiye uliyempigia hodi."

Nikasema. Nilisema kwa maneno mafupi, kwa sababu marefu yalikataa. Yule mama alinitazama kwa macho yale mazima. Alichukua muda wake, mdomo unahangaika, nami nikajiandaa kulaaniwa, na ningepokea.

"Alifuata nini?" aliuliza. "Si mlikuwa... mmeshakuja?"

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye matope nyuma ya darasa. Jibu ninalo, na linaniua. Alifuata kile ambacho sikumwambia. Niliweka nukta mahali ambapo watu wote wangeiona isipokuwa yeye.

Aprili 16

Sikuandika.

Aprili 20

Mama wa mponda kokoto yuko kwetu, chumba cha cherehani. Mama mkwe ndiye aliyeamua, hakumuuliza mtu. "Nilikuwa natafuta mtu wa kusengenya naye asiyeweza kukimbia," anasema. Wanakaa pamoja mchana kutwa. Mlango hatuufungi.

Aprili 23

Mwalimu alikuja. Nilidhani atanikaripia, na nilitaka anikaripie. Nikamwambia yote, kicheko cha siku ya gauni, neno ambalo sikulisema, ile chenji ambayo bado iko kwenye karatasi.

Alisikiliza, kisha akasema, "Mimi nilitia kiduara. Wewe uliniambia niangalie njia, nikasema mbuzi." Akagusa gurudumu la cherehani. "Mama yangu aliugua hivyo hivyo. Nilikuwa namfungia nikienda kusomesha. Nilijua mlango uliofungwa unafananaje, dada fundi. Nilijua kuliko wewe, na bado nikasema mbuzi."

Hapo nikaelewa kwa nini anashikilia kanuni kama mtu aliyeshika kamba. Hatukufarijiana. Tulikaa tu, na cherehani katikati yetu.

Aprili 29

Jua. Kila kitu kimeanikwa, hata kuta.

Nilimsimulia mama wa mponda kokoto kwamba tutazunguka upya, nyumba nyingi zimeanguka, ramani imekuwa ya uongo. Alinyoosha kidole chake kinachofanya kazi, akagonga mbao ya kitanda. Ko. Ko.

"Hodi haitoshi," alisema. "Mdomo mzito. Waambieni wagonge. Mimi... ningegonga."

"Si alikukataza kuitika, mama?"

"Kuitika, ndiyo." Akagonga tena. "Kugonga hakusema."

Mei 6

Tumeanza mzunguko wa pili. Kinyozi alitukaribisha kwa chai, maajabu hayaishi. Mama Pacha alimuuliza wembe wake unaendeleaje.

Msimamizi hakutupa kanuni mpya, kwa hiyo tumejipa wenyewe. Hatuondoki kwenye nyumba kabla ya kumwambia mwenyewe kwamba ipo kwenye ramani. Kama yuko kazini, tunamfuata kazini. Ni kazi ndefu, na msimamizi amelalamika kwamba tunachelewa. Mwalimu, yule yule Mwalimu, alimwambia kwenye simu, "Basi tutachelewa."

Leo mchana, juu ya korongo, tumekuta nyumba ya kufuli. Njia imekanyagwa. Nilipiga hodi, kimya. Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mbao nikasema, "Sisi ni wa ramani. Hatuji kuuliza kitu. Kama upo na huwezi kufungua, gonga chochote."

Upepo. Kuku wa jirani. Mama Pacha akaanza kusema twende.

Ndani, kitu cha bati kiligusa mbao. Mara moja, kisha tena.

Mwalimu alikaa chini pale pale mlangoni, kwenye vumbi, akaegemea mbao na kuanza kuongea na aliye ndani, taratibu, habari za mvua na za watoto wa shule. Mimi na Mama Pacha tukauliza majirani nani ana ufunguo. Tukaelekezwa kwa mwanamke anayepalilia kwa kibarua, ng'ambo ya pili, mwendo wa kutosha. Tukavuka mawe ya kivuko, nikiyatazama moja moja.

Alipotuona na simu zetu alisimama na jembe, uso wake ukaanza kujifunga. Ninaujua uso ule. Sikuuliza kwa nini anafunga mlango. Nikamwambia, "Dada, nyumba yako ipo kwenye ramani. Aliye ndani tunamjua. Maji yakija, tutafika kwake sisi."

"Mtafika kweli?"

"Tutafika. Wewe ukiwa huku, baki huku. Usivuke."

Alinitazama kama hajasikia vizuri. Akaniomba nirudie, nami nikarudia.